Timish na Siku ya Pili

Mume wangu Timish ndiye mtu pekee katika Polisia nzima, nchi yetu ya misitu, anayeokota uyoga mwezi wa Januari. Ndivyo nilivyowaambia majirani kwa miaka zaidi ya ishirini. Mtu akija kumuulizia, mimi nasimama mlangoni mikono kiunoni na kusema kwamba hayupo, kaenda msituni kuokota uyoga, hata kama theluji imefika magotini na mbwa mwenyewe kagoma kutoka nje. Na huko nyuma yangu, chumbani, pazia limefungwa, Timish kalala chali na kitambaa machoni, kwa sababu jana yake alipasua kuni.

Majirani nao si wajinga. Frosia wa ng'ambo ya barabara aliwahi kuniuliza, kwa sauti tamu kama asali, huo uyoga wote tunauweka wapi, maana yeye hajawahi kunusa hata supu yake. Nikamwambia tunautafuna mbichi. Akaondoka akicheka, na mimi nikafunga mlango nikamtukana kimyakimya hadi roho ikatulia.

Timish alikuwa dereva wa lori. Mwaka ule kinu cha nyuklia kilipolipuka Chernobili, jeshi lilikuja kijijini kuchukua madereva, naye akaenda. Alibeba mchanga, akabeba zege, akarudi vuli ile amekonda, ana saa ya zawadi mkononi na kikohozi kifuani. Kikohozi kilipona, na saa inatembea hadi leo. Kilichobaki ndicho kisichokuwa na jina. Leo anafanya kazi ya fahali wawili, kesho anaanguka kama gunia lililokatwa kamba. Usingizi anaupata, lakini anaamka amechoka kuliko alivyolala. Koo linawasha, mifupa inauma, mwanga unamchoma, na ukimuuliza jina la mama yake inabidi afikiri kwanza. Kisha baada ya siku kadhaa anainuka, ananyoa ndevu, anatoka nje akipiga mluzi, na kijiji kinasema: haya, mgonjwa wa Odarka kapona tena.

Odarka ni mimi.

Msidhani hatukwenda hospitali. Tumekwenda sana, ila Timish aliharibiwa na malezi. Kwao mtu haendi kwa daktari hivihivi. Lazima apumzike wiki nzima asije akaaibika, aoge, anyoe, avae suti ya harusi yake, halafu achukue gunia la viazi la kumpa daktari na alipandishe mwenyewe ngazi hadi juu. Sasa fikiria. Mgonjwa anaingia na gunia begani, mashavu mekundu, anauliza, "Niliweke wapi?" Akiambiwa aeleze anachougua, anasema hana malalamiko. Wanampima damu, wanampiga picha, wanamwambia vipimo vyake ni vya bwana harusi. Mmoja alisema ni woga wa mionzi tu, umemkaa kichwani. Mwingine alimshauri alime bustani. Huyo nusura nimrushie kiazi.

Basi tukaishi hivyo, na ningesema tuliishi vizuri, maana Timish siku zake njema ni mcheshi kupita wanaume wote niwajuao. Mpaka binti yetu wa pekee, Ustina, alipochumbiwa.

Mchumba aliitwa Nazar, kijana mtulivu, na tatizo halikuwa yeye. Tatizo lilikuwa baba yake. Nikifor ni fundi wa matrekta, ana mikono kama koleo na mdomo usio na breki, na humpima binadamu kwa saa ambayo moshi wake huanza kutoka dohani. Moshi ukichelewa, wewe si mtu. Harusi ilipangwa iwe baada ya Sikukuu ya Bikira ya mwezi wa kumi, mavuno yakiwa ghalani. Kabla ya hapo, kama ilivyo kwetu, kijiji kizima kingekuja kupaua nyumba ya maharusi siku ya kwanza, na siku ya pili wale baba wawili wangebaki peke yao kumalizia kilele cha paa kwa mikono yao, bega kwa bega.

Timish alilala wiki nzima kabla ya hapo, akijiwekea akiba. Siku ilipofika alipanda juu ya mbao kama paka. Alibeba boriti, alipiga misumari, aliimba, aliwatania vijana kwamba wanashika nyundo kama wanashika kijiko. Nikifor alinifuata nikiwa nakoroga borshi, supu yetu nyekundu, kwenye sufuria kubwa, akaniambia kwa heshima, "Odarka, mumeo ni farasi." Nikacheka naye, lakini mimi ndiye niliyejua asubuhi itakuja na nini.

Asubuhi ilikuja nacho. Timish hakuweza kuinua kichwa. Nikifor alipofika na nyundo yake, nikasimama mlangoni na uyoga wangu kama kawaida. Akazunguka nyumba, mtu mzima na mvi zake, akachungulia dirishani pale pazia lisipokutana vizuri, akamwona mkwe mwenzake kalala na soksi zake, jua likiwa limeshapanda.

Akarudi uani. Pale palikuwa na Nazar, na Ustina, na Frosia kwenye ua wake akijifanya anaanua nguo. Nikifor akasema wazi kwamba yeye hampeleki mwanawe kwenye ukoo wa kitanda. Akasema uvivu uko kwenye damu kama nywele nyekundu, humpata na mjukuu, na kwamba Nazar atafanya kazi ya watu wawili mpaka azikwe. Harusi isimame kwanza, yeye afikiri.

Mimi nikikasirika mdomo hufunga na mikono ndiyo husema. Kando ya ghala palikuwa na maboga ya msimu ule. Nikachagua lililo kubwa kuliko yote, nikalibeba kwa mikono miwili, nikamsukumia Nikifor kifuani. Kwetu sisi ukishapewa boga hakuna haja ya maneno. Msichana humpa mchumba asiyemtaka, na mchumba hulibeba hadi kwao mbele ya kijiji kizima. Hata mbwa wanajua maana yake. Nikifor aligeuka mwekundu, akageuka mweupe, kisha akaenda nalo njia nzima, kwa sababu kulitupa kungekuwa kukiri kwamba limemuuma.

Ustina akakaa chini pale pale uani. "Mama," alisema, "boga umempa la nani? Mimi namtaka Nazar."

Maji yakimwagika hayazoleki. Aliyetoa boga hawezi kulidai, ni mpaka aliyepewa alirudishe kwa hiari yake. Sijuti hata kidogo, Nikifor alilitafuta mwenyewe. Lakini binti yangu aliacha kula. Na Timish, alipoweza kusimama kwa kushika ukuta, aliniuliza mbona nyumba kimya, nikamwambia yote. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mimi wakiniita mvivu nimezoea," alisema. "Ila sasa mwanangu ataolewa au hataolewa kwa sababu ya kitanda changu."

Hapo ndipo nilipofunga kilemba changu cha safari. Rafiki mmoja wa Timish, aliyeendesha naye lori kule, alikuwa ametuandikia kuhusu daktari mwanamke wa Kyiv, Daktari Zoriana, anayechunguza uchovu wa wale waliokwenda Chernobili, uchovu usioisha kwa kulala. Nikaenda kwa Nikifor. Boga lilikuwa juu ya meza yake kama mgeni wa heshima. Nikamwambia twende sote, asikie kwa masikio yake. Daktari akisema Timish ni mvivu, mimi Odarka nitalibeba boga lile kichwani na kuzunguka nalo kijiji kizima nikitangaza. Akisema ni mgonjwa, yeye Nikifor atalirudisha kwa mikono yake mwenyewe. Nikifor alisema hatimaye katokea mtu wa kusema ukweli, akaenda kutafuta suti.

Tulipanda treni ya alfajiri. Timish alikuwa amepumzika, kanyoa, kavaa, na gunia la viazi lilikuwa begani. Nilimwambia aliache, akaniangalia kama nimemwambia aende uchi.

Daktari Zoriana alikuwa mwembamba, mwenye miwani mikubwa, na mfuko wa koti lake ulijaa mbegu za alizeti alizokuwa akizimenya kwa meno huku akisoma. Timish akauliza aliweke wapi gunia. Daktari akalitazama gunia, akamtazama Timish, akauliza ni nani aliyelipandisha ngazi.

"Mimi," alisema Timish kwa fahari.

"Na kesho utakuwaje?"

Miaka yote ile, madaktari wote wale, hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza kuhusu kesho. Wote walitaka kujua leo. Timish alinitazama, nami nikamtazama.

"Kesho," alisema polepole, "nitakuwa nimeenda kuokota uyoga."

Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na nilipoanza kulia kweli nadhani hakuna aliyeona tofauti. Daktari alitaka kujua hiyo habari ya uyoga ni nini, ikabidi nimweleze yote, na Nikifor akiwa pale pale. Daktari hakucheka. Aliniomba nirudie ile sehemu ya kwamba kuanguka huja kesho yake, si siku ile ile.

Kisha akatueleza anachotaka. Ana baiskeli ya kupimia, unakanyaga umevaa barakoa, mashine inapima pumzi, na wanachukua tone la damu kidoleni. Timish atakanyaga leo, na kesho atakanyaga tena. Lakini anahitaji pia mtu mzima wa afya, wa umri ule ule na kijiji kile kile, wa kulinganisha naye. Akamgeukia Nikifor. Nikifor alishavua koti.

"Hii inakwenda wapi?" aliuliza alipoiona baiskeli haina gurudumu la mbele.

Akaambiwa haiendi popote. Akasema basi hiyo ndiyo baiskeli ya mkwe wake.

Alikanyaga kwa nguvu, uso ukawa kama borshi, akashuka akijipangusa na kuuliza kama kuna aliyewahi kufika pale. Ikawa zamu ya Timish. Mimi nilikuwa nje ya kioo nikimwomba kimoyomoyo akanyage kidogo tu kisha azimie kiungwana. Wapi. Akainama, akashika usukani, akakanyaga kama anakimbizwa na jeshi, na mashine ilipotoa hesabu yake Timish alikuwa amempita Nikifor.

Loo, mngemwona Nikifor siku hiyo. Alicheka akishika mbavu. Aliwaambia wauguzi. Alimwambia mzee mmoja aliyekuwa akingoja kupimwa macho. Aliniambia niandae kichwa changu maana lile boga ni zito, na akaniuliza kwa upole nitaanza kuzunguka upande wa kanisani au upande wa kisimani. Nilitamani sakafu ifunguke. Nilimfuata Timish kwenye kitanda walichompa, nikamwambia kwa sauti ya chini, meno yamebana, kwamba mjinga mkubwa, ungekanyaga polepole, binti yako angeolewa.

"Aliniambia nikanyage kwa nguvu zangu zote," alisema. "Ulitaka nimdanganye daktari, mwanamke?"

Ndivyo alivyo. Mimi ndiye mwongo wa nyumba ile, yeye hajui hata kuanza. Nililala kwenye kiti kando yake, nikawa nahesabu nyumba za kijijini nitakazopita na boga.

Asubuhi alishindwa kufunga vifungo vya shati. Nilimfunga mimi. Macho yalikuwa yamezama, sauti imekwisha, na alipoulizwa na muuguzi ni siku gani alinitazama mimi nimjibie. Daktari Zoriana alikuja, akakaa kando yake, akamwambia ana haki ya kukataa, kwa kuwa kukanyaga tena kutamgharimu siku nyingi, na kwamba alichoona kwa macho tayari kinatosha kwake.

"Hakimtoshi mkwe wangu," alisema Timish. "Harusi ya mwanangu iko juu ya baiskeli hiyo. Nipeleke."

Nikifor alianza, akilalamika kuhusu makalio yake, na kwa malalamiko yale yale akafika pale pale alipofika jana. Mtu wa afya ndivyo alivyo, alisema daktari, kesho yake hufanana na jana yake. Timish akapandishwa. Alikanyaga. Mtu asiyemjua angedhani anaanza tu kupasha misuli. Lakini jasho lilimtoka baridi, midomo ikawa ya kijivu, na mguu uliokwenda chini haukutaka kupanda tena. Hakufika hata nusu ya alipofika jana, na bado alikuwa akijaribu. Nilikuwa nimeweka viganja vyote viwili kwenye kioo.

Nikifor alikuwa kando yangu, tayari na mzaha, nilimwona akiwa nao mdomoni. Akaumeza. Kisha akafungua mlango bila kuomba ruhusa, akaingia, akamkumbatia Timish kiunoni, akamtoa kwenye baiskeli ile kama unavyomshusha mtoto juu ya farasi.

Daktari alitueleza tukiwa tumekaa kando ya kitanda, Timish kafumba macho. Alisema ndani ya mwili kuna majiko madogo yasiyohesabika, ndiyo yanayochoma chakula kikawa nguvu. Majiko ya Timish huwaka vizuri mara moja, ukiyachochea tena kabla hayajapoa yanajaa moshi, na lile tone la damu ya kidoleni ndilo lililouonyesha moshi huo. Alisema pia kwamba walinzi wa mwili wake, wale wanaopigana na homa, wanafanya kama vita havijaisha, kwamba hakuna aliyewaambia warudi nyumbani. Nikifor akauliza moja kwa moja kama ni mionzi iliyofanya hivyo. Daktari akamenya mbegu yake, akafikiri.

Akasema angependa kusema ndiyo, lakini hasemi asichokijua. Huenda mionzi iliyaharibu majiko na kuwaamsha walinzi, na kuna dalili nyingi za kuelekea huko. Ila wapo watu ambao hawakukaribia kinu chochote, walipata homa tu wakiwa vijana, na miili yao inafanya vivyo hivyo. "Nyayo nimeziona," alisema. "Mnyama sijamwona bado." Kisha akamuuliza Nikifor, kwa ajili ya kumbukumbu zake, kama naye alikwenda kule.

Nikifor alisema jeshi lilipokuja lilikuwa linamtaka na yeye, kwa kuwa aliendesha pia. Lakini alikuwa kavunjika mkono. Alianguka kutoka kwenye paa la zizi siku ya Pasaka, kalewa gongo, akijaribu kumwonyesha mkewe kwamba anaweza kuwika kumshinda jogoo. Akaunyoosha mkono ule, akautazama kama wa mtu mwingine.

"Na akiwa amelala vile mchana," alimuuliza daktari, "soksi miguuni, anakuwa anafanya nini hasa?"

"Anafanya kazi," alisema Daktari Zoriana. "Mwili wake ukiwa pale kitandani una kazi nzito kuliko wako ulipokuwa juu ya baiskeli. Haionekani tu."

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, wanasema, lakini siku ile nadhani Nikifor alilichungulia. Kwenye treni alimpa Timish benchi zima, akamfunika koti lake la suti, na abiria mmoja alipotaka kukaa miguuni pa mgonjwa, Nikifor alimtazama mpaka akahamia behewa jingine.

Boga halikurudi siku ile, wala kesho yake. Ustina alikuwa anakaa dirishani kama mlinzi. Nikaanza kuwaza kwamba yule mzee kasahau ahadi, na nikawa natafuta maneno ya kwenda kumwambia, nilikuwa nayo mazuri sana. Kisha akatokea barabarani na sufuria iliyofungwa kwa taulo lililotariziwa. Akaiweka mezani kwetu, akafungua. Ulikuwa uji wa boga na mtama, wenye siagi juu.

"Boga siwezi kulirudisha," alisema, bila kunitazama. "Limepikwa. Kama hakuna boga, basi hakuna aliyekataliwa, au siyo? Kuleni, litapoa."

Ustina alikula bakuli tatu.

Daktari alikuwa amempa Timish shauri moja lililotusaidia kuliko dawa. Alisema aishi kama mwenye unga kidogo: asioke mikate yote siku moja, na akae chini kabla ya kuchoka, si baada. Basi tukaipanga harusi kwa unga wa Timish. Kanisani alikaa. Mkate wa harusi aliukata akiwa amekaa. Dansi alichagua moja, ya baba na binti, na siku hiyo niliwaona watu wakilia ambao nilidhani hawana maji machoni. Baada ya ile akaenda kulala kwa miguu yake, saa ambayo wengine walikuwa ndio wanaanza kula.

Lakini nilijua ni nini kilichokuwa kinamkosesha raha. Siku ya pili ya harusi, kwetu, wageni huwapakia wazazi kwenye mkokoteni na kuwazungusha kijiji kizima kwa ngoma na mabaka ya masizi usoni, hadi bwawani, na huko huwamwaga majini. Baba asiyepanda mkokoteni, watu husema mwanawe hakuolewa, alitoroka. Na siku ya pili ndiyo siku ambayo Timish hana.

Asubuhi ile hakuweza kukaa. Dansi moja ilikuwa imemla, hiyo na furaha, maana furaha nayo hutumia unga. Ngoma ikaanza kusikika kutoka mwisho wa kijiji.

"Odarka," alininong'oneza, "waambie nimeenda kuokota uyoga."

"Siku ya pili ya harusi ya mwanao?" nikasema. "Mtu gani anaokota uyoga siku hiyo?" Lakini nikaenda mlangoni, nikaweka mikono kiunoni. Mazoea.

Nikifor alikuja mbele ya watu wote, masizi usoni, anasukuma mkokoteni. Ndani yake kulikuwa na godoro la manyoya ya bata, mito minne na lile blanketi la sufu ambalo mkewe hamruhusu mtu kuligusa. Nikafungua mdomo. Akaniambia kwa adabu kabisa kwamba uyoga anaujua, nimpishe. Akaingia na Nazar, wakambeba Timish na shuka lake, wakamlaza juu ya mkokoteni na soksi zake, mchana kweupe, wakamfunika hadi kidevuni. Jambo nililolificha miaka yote nyuma ya pazia sasa lilikuwa linatoka nje kwa mlango wa mbele.

Tukaondoka. Mimi nilitembea kando, nimeshika mto. Watu walikuwa kwenye malango yao yote. Nikifor alisukuma polepole akikwepa mashimo, kama kabeba mayai, na nyuma yetu ngoma ilikuwa inavuma na akordioni inalia. Tulipofika mbele ya lango la Frosia, yule mwanamke hakuweza kujizuia. Alisema kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba makubwa haya, hata leo kalala?

Nikifor akasimamisha mkokoteni. Mimi mikono ilikuwa tayari imeanza kutafuta boga. Lakini yeye aliinua mkono mmoja, ule uliovunjika Pasaka ile, akamnyooshea mpiga ngoma.

"Punguza hiyo," alisema. "Mwenzangu yuko kazini."

Ngoma ikashuka. Aliyekuwa na akordioni akaanza kupiga kwa chini sana, kitu kama cha kubembelezea mtoto. Frosia akavua shali lake, akaja barabarani, akamfunika Timish miguu, palipokuwa pamebaki wazi. Nikamwambia asante. Ilinitoka tu.

Bwawani pakawa na mtihani, kwa sababu mila ni mila na lazima mtu alowe, na hakuna aliyethubutu kuushika mkokoteni ule aumwage. Watu wakaanza kushauriana. Nikifor akanikabidhi mishikio, akavuta pumzi, akaingia majini na buti zake mpya, magoti, kiuno, akasimama huko katikati ya majani yaliyoanguka, meno yakigongana.

Timish akafumbua jicho moja.

"Maji yakoje, mkwe?"

"Baridi," alisema Nikifor. "Wewe endelea na kazi yako."

Timish akafumba jicho, akaendelea.